Siku Disneyland Ilipofurika, na Historia ya Watu Kuchomekea Foleni

Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, katika mji mdogo wa Anaheim, California, watu zaidi ya 28,000 walijazana kwenye uwanja ambao siku hiyo ulitarajia kama nusu yao tu. Joto lilifika nyuzi 38. Hiyo ndiyo siku Disneyland ilipofunguliwa. Leo mtu akisikia jina hilo anafikiria panya mwenye masikio makubwa na watoto wanaocheka, lakini waliofanya kazi pale siku hiyo waliipa jina lao wenyewe: Jumapili Nyeusi.

Nimeitazama mara mbili filamu ya matangazo ya siku ile. Televisheni ya ABC iliirusha moja kwa moja kwa saa moja na nusu, na inakadiriwa Wamarekani milioni 70 au zaidi waliiangalia, katika nchi iliyokuwa na watu kama milioni 165. Kwenye kioo unaona gwaride, bendi na watangazaji wenye suti. Usichokiona ni foleni. Na mimi, ndugu msomaji, ninachokitaka leo ni hiyo foleni. Nani alikuwa mbele, nani nyuma, na nani hakuruhusiwa hata kusimama mwishoni?

Msishangae mwandishi wa Bongo kujishughulisha na foleni za Wamarekani. Sisi ni wataalamu wa foleni bwana. Wazazi wetu wanatusimulia foleni za sukari na unga za mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu anaacha jiwe limshikie nafasi anakwenda kuteka maji, akirudi anakuta jiwe lake limesogezwa mbele na majirani waungwana. Jiwe liliheshimiwa! Kwa hiyo tunajua kitu kimoja ambacho vitabu vya uchumi hukieleza kwa kurasa nyingi: kwenye foleni kila mtu analipa kwa muda wake, na saa moja ya mkubwa ni sawa na saa moja ya mdogo. Mpaka atokee mtu wa kuchomekea.

Haya, turudi Marekani. Kabla ya Disneyland kulikuwa na Coney Island, ufukwe wa New York. Fikiria Sabasaba yetu, halafu iwe kila Jumapili ya kiangazi, pembeni ya bahari. Steeplechase Park ilifunguliwa pale mwaka 1897, ikafuata Luna Park mwaka 1903 na taa zake 250,000 wakati ambapo nyumba nyingi za mji ule bado hazikuwa na umeme, halafu Dreamland mwaka 1904. Treni za mjini zilipofika mpaka ufukweni mwaka 1920 kwa nauli ya senti 5, watu walifurika mpaka ikawa siku ya joto kali inahesabiwa watu milioni moja. Mchanga hauonekani, unaona vichwa tu.

Mwenye Steeplechase aliitwa George Tilyou, mfanyabiashara wa kweli kweli. Mwaka 1907 uwanja wake uliteketea kwa moto. Kesho yake akaweka tangazo: kuyaona majivu ni senti 10. Na watu walilipa! Huyo ndiye babu wa biashara hii, aliyekwisha kuelewa kwamba ukishakuwa na umati, umati wenyewe ni bidhaa.

Walt Disney hakuipenda Coney Island. Aliiona chafu, ya kelele, ya walevi na matapeli. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba wazo lake lilianza akiwa amekaa kwenye benchi katika bustani ya Griffith mjini Los Angeles, anatafuna karanga huku mabinti zake wawili wakizunguka kwenye farasi wa mbao. Watoto wanafurahi, baba kachoka. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kucheza pamoja. Alichokipenda ni Tivoli ya Copenhagen, bustani ya tangu mwaka 1843, safi, ina maua na taa na watu wenye adabu zao.

Sasa sikiliza hili. Novemba 1953 watu wake walipeleka ramani Chicago, kwenye mkutano wa wenye viwanja vya burudani wa Marekani nzima. Wazee wa kazi wakaangalia, wakatikisa vichwa. Mlango mmoja tu wa kuingilia? Watu watakwama. Hakuna vile vigari vinavyopanda mlima wa vyuma na kuporomoka? Basi hakuna biashara. Na hayo maua na kufagia kila saa ni kutupa pesa. Sehemu nyingi za aina hiyo uliingia bure, ukalipia bembea unayoitaka. Disney alitaka uzio, geti moja, na kiingilio, kisha ndani ulipe tena kwa kila mchezo.

Kiingilio kile kilikuwa dola 1 kwa mtu mzima, na hakikuwekwa kwa ajili ya mapato peke yake. Kilikuwa chujio. Mtu asiye na dola ya kuchezea asingeingia kuzurura. Wala eneo halikuwa karibu na mji. Mtafiti Harrison Price wa Stanford Research Institute alilichagua kwa hesabu za barabara na ongezeko la watu: ekari 160 za michungwa na miti mingine ya matunda, kando ya barabara kuu mpya iliyokuwa inajengwa. Coney Island ulifika kwa treni ya senti 5. Anaheim ulihitaji gari. Kwa maana hiyo watu walianza kuchujwa kabla hawajalifikia geti.

Pesa ilitafutwa kwa taabu. Mabenki hayakuelewa, na kaka yake Roy, mshika fedha wa kampuni, mwanzoni naye alisita. Walt akakopa kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Kilichomwokoa ni televisheni. ABC, iliyokuwa dhaifu mbele ya wenzake, iliweka dola 500,000 na kudhamini mikopo ya dola milioni 4.5, ikapata zaidi ya theluthi moja ya uwanja na kipindi cha kila wiki kilichoanza Oktoba 1954. Jina la kipindi? Disneyland. Yaani kwa miezi tisa watoto wa Marekani walikuwa wanaangalia tangazo la uwanja kila wiki wakidhani ni burudani. Ujenzi ulianza Julai 1954 ukamalizika, kama kweli ulimalizika, mwaka mmoja baadaye, kwa gharama ya dola milioni 17.

Siku yenyewe ilipangwa iwe ya waalikwa: waandishi wa habari, wafadhili, mastaa wa sinema, familia za wafanyakazi. Kadi za mwaliko zilitumwa kwa makundi. Kumbe walanguzi walikwisha kuingia kazini. Kadi bandia zilichapwa, na inaaminika karibu nusu ya walioingia siku ile walikuwa nazo. Wengine hawakuhangaika na kadi. Inasimuliwa kuwa jamaa mmoja aliegemeza ngazi kwenye uzio wa nyuma akawa anapandisha watu kwa dola 5 kwa kichwa. Sina ushahidi zaidi ya masimulizi, lakini nikilisoma hilo nahisi kabisa nipo nyumbani. Pale penye geti moja, lazima atokee mtu wa ngazi.

Barabara kuu ikafunga. Magari yalisimama maili kwa maili, na waandishi waliokuwepo wanaeleza watoto walivyojisaidia pembeni ya barabara na kwenye maegesho. Ndani hali haikuwa nafuu. Lami ya mitaa ilikuwa imemwagwa saa chache tu kabla, bado laini, na kwa joto lile visigino vya akina mama vikawa vinazama na kung'ang'ania. Chakula kikaisha. Fantasyland, sehemu ya hadithi za watoto, ilifungwa kwa muda kwa sababu gesi ilikuwa inavuja. Meli ya Mark Twain ilipakia watu bila hesabu, ikazunguka mto wake wa kuchimba huku maji yakipanda mpaka kwenye sitaha.

Halafu maji ya kunywa. Mafundi bomba walikuwa wamegoma, na waliporudi kazini muda haukutosha kukamilisha kila kitu. Walt akaambiwa achague: vyoo vifanye kazi au mabomba ya maji ya kunywa. Akachagua vyoo. Uamuzi sahihi, hata mimi ningechagua hivyo. Lakini mgeni aliyekauka koo, akakuta bomba kavu huku soda zinauzwa hatua chache mbele, aliamini kitu kimoja tu: wamefanya makusudi ili tununue. Waandishi wengine waliliandika hivyo hivyo, na kampuni ililazimika kujieleza kwa muda mrefu.

Kwenye televisheni hayo yote yalionekana kwa mbali. Watangazaji watatu, Art Linkletter, Bob Cummings na Ronald Reagan (ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa Rais mwaka 1981), walipotezana na kamera, wakaitana bila kujibiwa. Kuna mahali Walt anaanza kusoma maneno ya uzinduzi, anakatishwa, inabidi aanze upya. Na kuna kipande kimoja kifupi cha Frank Sinatra na Sammy Davis Jr. wakiendesha vigari vya Autopia. Kishikilieni hicho kipande. Mwanamuziki mweusi na mwanamuziki mweupe wanacheza pamoja mbele ya mamilioni, mwaka 1955, wakati Rosa Parks alikuwa bado hajakataa kuachia kiti chake kwenye basi la Montgomery. Hilo lilitokea Desemba ya mwaka huohuo.

Kesho yake, Jumatatu, geti likafunguliwa kwa watu wote. Foleni ilianza usiku wa manane. Tiketi ya kwanza ilinunuliwa na Roy Disney mwenyewe, kwa dola 1. Magazeti yalikuwa yameponda sana, lakini nani alisoma? Miezi miwili haikutimia, mgeni wa milioni moja akapita getini.

Basi hapo likaja tatizo jipya: umati hauondoki, ufanyeje? Inasimuliwa kuwa Walt alipenda kutembea uwanjani na kusimama kwenye foleni asikie watu wanalalamikia nini. Oktoba 1955 vikaanza vitabu vya kuponi: kuponi A kwa vitu vidogo, B kwa vya kati, na kuendelea, mpaka mwaka 1959 ikaongezwa E kwa michezo mikubwa kabisa. Kila kitabu kilikuwa na E chache. Ni akili nyingi sana ile. Umetumia E zako? Basi zunguka na farasi, panda gari la kizamani, tembea. Foleni ikasambaa uwanja mzima bila mtu kufukuzwa.

Kwa vichekesho, mwaka huo wa 1959 yupo mtu mmoja aliyetaka sana kusimama kwenye foleni ile akanyimwa. Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, mwenye mabomu ya nyuklia mkononi, alizuru Los Angeles Septemba akaambiwa hawezi kwenda Disneyland kwa sababu za usalama. Alifoka hadharani, mbele ya mastaa wa Hollywood, akiuliza kama kuna kipindupindu huko au wamefunga makombora. Sijui historia ya Vita Baridi ingekuwaje kama mzee yule angepewa kitabu cha kuponi.

Hapo tucheke, halafu tuache kucheka. Maana walikuwepo wengi zaidi waliozuiwa, na hakuna aliyewaandika kama kichekesho.

Disneyland haikuweka kizuizi cha rangi getini. Ndani, lakini, miaka ile ya mwanzo mtu mweusi utakayemwona akihudumia wageni alikuwa ni mama wa mgahawa wa Aunt Jemima, uliofunguliwa Agosti 1955, kavalishwa kitambaa kichwani kama mpishi wa enzi za utumwa, anatabasamu kwenye picha na watoto. Huko kwingine Marekani hali ilikuwa wazi zaidi. Viwanja vingi vya burudani vilikuwa vya weupe tu, au vilimpa mweusi siku moja katika msimu, mara nyingi ya mwisho kabla ya kufunga.

Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, waliingia Glen Echo, uwanja wa Maryland nje kidogo ya Washington. Tiketi walizipata kwa wenzao weupe. Wakapanda farasi wa mbao wa bembea ya kuzunguka, wakakaa. Mlinzi akaja kuwauliza wao ni wa asili gani. Watano walikamatwa. Walikuwa na tiketi mkononi! Maandamano nje ya geti yaliendelea kiangazi chote, na walikuja na wafuasi wa chama cha Manazi wa Kimarekani kuandamana upande wa pili. Msimu uliofuata, 1961, Glen Echo ikafungua geti kwa wote. Kesi ya wale watano ilifika Mahakama Kuu ya nchi nzima na hukumu yao ikafutwa mwaka 1964.

Aprili 1963, Martin Luther King akiwa amefungwa Birmingham, Alabama, aliandika barua yake maarufu kwa viongozi wa dini waliomwambia asubiri. Katika orodha ya maumivu anayoyataja kuna mabomu, kuna vipigo, na kuna binti yake wa miaka sita aliyeona kwenye televisheni tangazo la uwanja wa burudani wa Atlanta uitwao Funtown, akaomba apelekwe, na baba ikambidi amwambie watoto weusi hawaingii. Watu huisoma barua ile kwa ajili ya hoja zake kubwa za sheria na haki. Mimi nasimama hapo kwenye Funtown kila mara. Televisheni ile ile iliyomjengea Disney uwanja wake ilikuwa inaingia sebuleni kwa kila mtu bila kuuliza rangi. Inamwita mtoto. Halafu getini mtoto anarudishwa. Nani kasema foleni ni adhabu? Kuna watoto ambao kusubiri saa mbili juani nyuma ya watu 300 kungekuwa ushindi.

Baltimore, mji wa jirani na Washington, ulikuwa na uwanja uitwao Gwynn Oak. Maandamano pale yalianza mwaka 1955, mwaka uleule wa Disneyland, na yalianza katika tamasha la uwanja huo lililoitwa, usicheke, Siku ya Mataifa Yote. Mataifa yote isipokuwa majirani zao weusi. Miaka minane watu walisimama na mabango. Tarehe 4 Julai 1963, sikukuu ya uhuru wa Marekani, walikamatwa watu zaidi ya 280, wakiwemo mapadri, wachungaji na marabi, weusi kwa weupe. Polisi waliwapakia kwenye mabasi. Wenye uwanja wakaona biashara inaharibika wakakubali kukaa mezani.

Siku iliyokubaliwa ya kufungua ikawa tarehe 28 Agosti 1963. Ni siku hiyohiyo ambayo watu kama 250,000 walikusanyika Washington, na King akatoa hotuba yake kuhusu ndoto. Asubuhi Gwynn Oak, maili kama 40 kutoka pale, mtoto mmoja wa kike aitwaye Sharon Langley, hajatimiza hata mwaka mmoja, alipandishwa kwenye farasi wa mbao, baba yake kamshikilia asianguke. Alikuwa mtoto mweusi wa kwanza kuipanda bembea ile. Hakukuwa na hotuba. Bembea ikazunguka.

Uwanja wenyewe uliharibiwa na mafuriko ya kimbunga Agnes mwaka 1972 na haukufunguliwa tena, lakini bembea ilinusurika. Mwaka 1981 ikahamishiwa Washington, kwenye ule uwanja mrefu wa katikati ya jiji ambako mwisho wake mmoja ndiko King alikosimama kuhutubia.

Nchi ilikuwa inabadilika kwa sheria, na wakati huohuo mafundi wa Disney walikuwa wanabadilisha foleni kwa hesabu. Kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya 1964 na 1965 walitengeneza vyombo visivyosimama: mashua zinafuatana kwenye mfereji, unapanda, mwenzako anapanda ya nyuma, hakuna kusubiri ngoma ianze. Waliporudi California wakatumia mbinu hiyo kwenye mchezo wa maharamia uliofunguliwa 1967. Lugha yao ikawa ni watu kwa saa. Foleni nayo ikakunjwa na kupindishwa kwa vizuizi, ili usiione urefu wake, na ili kila ukipinda ukutane uso kwa uso na wale wale. Umeshawahi kusimama kwenye foleni ya namna hiyo? Baada ya nusu saa mnakuwa ndugu. Florida walipofungua mwaka 1971 hawakurudia kosa la Jumapili Nyeusi: walichagua Oktoba, wakati watoto wako shule, wakapata watu kama 10,000 siku ya kwanza, wakafanyia mazoezi.

Mwaka 1982 kuponi zikafutwa. Lipa mara moja, cheza mpaka uchoke. Inaonekana ni ukarimu, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini fikiria. Kama E hazina kikomo, nani atapanda gari la kizamani? Wote wanakimbilia michezo mikubwa. Kile ambacho kuponi ilikipunguza kwa bei, sasa kinapunguzwa na kusubiri. Miaka ya 1980 na 1990 ndiyo ya saa mbili kwa mchezo wa dakika tatu.

Dawa ikaja 1999, ikaitwa Fastpass. Unaingiza tiketi kwenye mashine, inakupa karatasi yenye saa: rudi saa nane mchana, pita mlango wa pembeni. Ilikuwa bure, kwa kila mtu, mara moja moja. Ni lile lile jiwe la wazazi wetu, ila la karatasi! Mojawapo ya michezo iliyotumia karatasi hizo ni Kilimanjaro Safaris, huko Florida, ndani ya uwanja wa wanyama uliofunguliwa Aprili 1998. Mlango wake ni kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, kuta zimebanduliwa chokaa kwa makusudi zifanane na Lamu, mabango kwa Kiswahili. Yaani watu wanapanga foleni ya Kilimanjaro katika jimbo ambalo kilima chake kirefu kuliko vyote hakifiki mita 110. Sina ugomvi nao. Kiswahili chao cha mabangoni kingine kizuri kuliko cha mabango yetu.

Ngoja nifike ninapotaka kufika. Fastpass ya bure iligawa muda bila kuuliza una pesa kiasi gani. Lakini mlango wa pembeni ukishakuwepo, lazima atokee wa ngazi. Mwaka 2013 magazeti ya New York yaliandika kuhusu akina mama matajiri wa Manhattan waliokodi watu wenye ulemavu wa kuwasindikiza Disney World, ili familia ipitishwe mlango wa viti vya magurudumu. Kampuni ikabadili utaratibu wa wenye ulemavu mwezi Oktoba mwaka huo. Waliolipia ulaghai ule, kwa kupata masharti magumu zaidi, ni walemavu wa kweli na watoto wao.

Halafu mwenye geti akaamua kuikodisha ngazi mwenyewe. Fastpass ilisimamishwa wakati wa korona mwaka 2020, haikurudi. Mwaka 2021 njia ya haraka ikawa ya kulipia kwa simu, na unayelipa unapita mbele ya wasiolipa. Utetezi wao naujua: ndege ina daraja la kwanza, kwa nini sisi tusiwe nalo? Lakini anayelipia kiti kipana kwenye ndege hanifanyi mimi nichelewe kufika. Kwenye foleni kila anayepita pembeni ananisogeza mimi nyuma. Dakika anazonunua hazitoki kwenye ghala la kampuni, zinatoka kwenye mfuko wa mtoto aliyesimama kwenye jua na baba yake aliyedunduliza mwaka mzima. Na mwenye kuziuza siyo yule mtoto.

Mwishoni mwa 2024 ikaletwa ya daraja la juu zaidi: mlango wa haraka kwenye michezo yake yote, mara moja kila mmoja, bila kupangiwa saa. Kwa Disneyland ya California ilianza kwa dola 400 kwa mtu kwa siku, juu ya kiingilio. Kiingilio cha siku za msongamano mkubwa kilikwisha kufika dola 206. Jumla dola 606. Kwa bei hizo za 2024, familia ya watu wanne ilikuwa dola 2,424, kabla hawajala kitu. Mabomba ya maji ya kunywa, hata hivyo, siku hizi yanatoa maji.